Katapila Kuukuu Linagoma: Anza na Dalili, Spana Baadaye

Makatapila mengi ya zamani yanayoletwa kwa mafundi hapa Tabora kwa maelezo kwamba "pampu ya nozo imekufa", yaani ile inayosukuma dizeli kwenye nozo za silinda, yana pampu nzima. Kinachosumbua ni kifuniko cha tangi kilichoziba katundu kake ka hewa, au filta ambayo haijaguswa tangu kiangazi cha mwaka juzi, au maji yaliyotulia chini ya pipa la dizeli. Pampu inafunguliwa, inapandishwa basi kwenda Mwanza au Dar es Salaam, inarudi na bili yake, inafungwa, mashine inaunguruma siku moja, kesho yake inakata tena palepale. Ndiyo maana hapa naanzia kwenye kile ambacho opereta anakiona, anakisikia au anakinusa, ndipo tukitafute chanzo, tukianza na kile kisichogharimu kitu.

Nazungumzia mashine za miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980: D6C, D7E, D8H za Caterpillar, na Komatsu za rika hilo kama D65 na D85. Hazina kompyuta wala taa ya kukwambia kosa liko wapi. Zina vitu vinne tu zinavyodai, yaani hewa safi, dizeli safi, maji ya kupoza na oili, na zikikosa kimojawapo huwa hazifichi.

Haiwaki kabisa

Tazama ekzosti wakati stata inazungusha. Ukiona moshi mweupe hafifu, dizeli inafika kwenye silinda ila haichomeki. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki. Fundi anayeruka hatua hii anaweza kupoteza siku nzima upande usio wake.

Kama haifiki, fuata njia yake kuanzia tangini: bomba la tangi limefunguliwa? Filta imejaa? Mashine ilikaushwa tangi jana jioni? Injini ya dizeli ikishavuta hewa haiwaki mpaka uitoe. Legeza skrubu ya kutolea hewa pale kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, kaza. Kisha legeza nati za mabomba ya nozo kule juu ya injini, zungusha stata mpaka zitoe dizeli, kaza moja moja. Hapo kuna onyo moja: usipime kwa kiganja dizeli inayotoka kwenye bomba la nozo. Shinikizo lake linatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake kinaonekana kidogo kuliko madhara yake. Tumia kipande cha boksi.

Kama inafika lakini haichomeki, swali linakuwa joto na kasi. Injini nyingi za Caterpillar za enzi hizo zina chemba ndogo ya kuanzia mchomo, na chemba hiyo ikiwa baridi dizeli haishiki moto. Asubuhi za Juni na Julai Tabora ina baridi ya kutosha kukusumbua. Angalia plagi za joto kama zinawaka zote. Stata ikizungusha kwa uvivu, usinunue betri kwanza. Safisha vichwa vya waya, hasa ule wa kwenda kwenye bodi, maana kutu ya pale inakula umeme wote huku betri ikisingiziwa.

Zile kuukuu zaidi hazina stata ya umeme. Zinawashwa na kiinjini cha petroli cha silinda mbili kilichokaa ubavuni. Mashine za namna hiyo ndizo zilizomwagwa Urambo, Kongwa na Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, nyingi zikiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, zingine zimenunuliwa Ufilipino zikiwa tayari hoi. Watu hukicheka kiinjini hiki, mimi nakiheshimu. Kinagawana maji ya kupoza na injini kubwa, na moshi wake unapitishwa kwenye njia ya hewa ya injini hiyo, kwa hiyo ukikiacha kizungushe dakika chache huku lever ya kupunguza mgandamizo imefunguliwa, injini kubwa inapata joto na oili inasambaa kabla haijaanza kazi. Stata ya umeme haikufanyii hivyo.

Ugonjwa wake mkubwa ni petroli iliyolala. Inaganda kama gundi ndani ya kabureta, au floti ikivuja inateremka kwenye oili yake. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Kikinuka petroli, mwaga oili hiyo kabla hujakiwasha. Tabia ya kufuata ni kufunga bomba la petroli kila ukimaliza kuwasha na kukiacha kijizime chenyewe kwa kukosa mafuta.

Inawaka vizuri, ikisukuma udongo inalegea

Hii ndiyo dalili inayopeleka pampu nyingi safarini bure. Bila mzigo injini inaimba. Ukishusha bledi, mizunguko inashuka, inajikokota, pengine inazima. Ukisubiri nusu saa inarudi kuwa nzima, ukianza tena inarudia.

Jaribio la kwanza ni la bure. Ikianza kulegea, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mlio na injini ikainuka, umepata mgonjwa wako: katundu ka hewa kwenye kifuniko kamezibwa na vumbi na grisi. Dizeli inatoka, hewa haiingii mahali pake, mwisho pampu ya kuvuta inashindwa.

La pili ni filta. La tatu ni mipira ya dizeli, na hapa wengi hudanganyika kwa sababu mpira wa zamani unaweza kuwa mzima nje huku ndani umechanika ngozi, na ngozi hiyo inajifunga kila dizeli ikivutwa kwa nguvu. Ukiwa na shaka, ubadilishe, ni rahisi kuliko kubishana nao. La nne ni ile chujio ndogo ya waya iliyo ndani ya tangi au mlangoni mwa pampu ya kuvuta. Kuna mafundi wasiojua kwamba ipo.

Na dizeli yenyewe. Huku kwetu mashine zinafanya kazi mbali na kituo, dizeli inakwenda kwa mapipa hadi Kaliua, Usinge, Nguruka, Kasulu. Pipa likibingirishwa kutoka kwenye gari na kufyonzwa saa ileile, unavuta kila kilichokuwa chini yake. Liache litulie usiku mzima, na mdomo wa mpira wa kufyonzea uning'inie juu ya sakafu ya pipa angalau upana wa kiganja. Jaza tangi jioni, si asubuhi, maana tangi tupu likipoa usiku linatoa jasho kwa ndani. Asubuhi, kabla hujawasha, fungua koki ya chini ya tangi, toa maji na uchafu kwenye chupa ya wazi ili uone kwa macho.

Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inawaka, tena pengine bila moshi mwingi, ndiyo maana inapita. Ila pampu ya nozo inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Hapo ndipo pampu inakufa kweli.

Moshi unasema nini

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Kabla ya kumlaumu mtu wa nozo, angalia hewa: filta, bomba lililobonyea, kiota cha ndege kwenye mdomo wa juu (kipo mara nyingi kuliko unavyodhani mashine ikikaa masika yote), na turbo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, kama ipo. Kumbuka pia mwinuko. Tabora mjini ni mita 1200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo iliyopangiwa dizeli yake Dar es Salaam itatoa weusi kidogo ikisukuma hapa, na huo si ugonjwa. Anayeongeza dizeli ili kurudisha nguvu anaongeza joto la ekzosti, na pistoni ndizo zinazolipa.

Moshi mweupe unaopotea injini ikipata joto ni wa kawaida. Usiopotea na unachoma macho ni dizeli isiyochomeka: nozo inayodondosha, mgandamizo hafifu, au mpangilio wa muda wa pampu uliochelewa. Mweupe usiochoma macho, huku maji ya rejeta yanapungua, ni mvuke. Hapo fikiria gasketi ya silinda hedi au ufa.

Moshi wa bluu ni oili. Lakini usikimbilie kubadilisha ringi za pistoni. Kuna injini zinazotoa oili nyeusi ya kunata kwenye ekzosti kwa sababu tu opereta anaiacha ikiunguruma polepole saa nzima huku yeye amekaa chini ya mwembe. Silinda zinapoa, ringi hazikazi, dizeli haiungui yote. Ipe kazi nzito siku nzima kwanza. Moshi ukikata, umeokoa pesa ya ovahoo, yaani kufungua na kukarabati injini nzima. Usipokata, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa moto na uweke kiganja juu: pumzi ikitoka kwa nguvu na kwa mapigo, ringi au slivu, zile kuta za silinda zinazobadilishwa, zimekwisha.

Kinachozimaliza ni vumbi. Huku kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba barabara za udongo mwekundu zinageuka unga, na katapila linafanya kazi ndani ya wingu lake lenyewe. Chomoa bomba la hewa baada ya filta, siyo kabla, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, hata kidogo, simamisha mashine siku hiyo hiyo. Klampu moja iliyolegea katika sehemu hiyo inaweza kula injini nzima ndani ya msimu mmoja. Filta za bakuli la oili zijazwe mpaka kwenye alama tu. Ukizidisha, injini itainywa. Filta za karatasi usizikung'ute kwa kuzipiga kwenye cheni, zinapasuka mikunjo na hutaona.

Inachemsha

Hapa ndipo uongo mwingi unapoishi, basi tukae kidogo.

Kwanza hakikisha inachemsha kweli. Geji za zamani zinadanganya pande zote mbili. Tabora maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo kinakufanya uone mvuke kabla injini haijawa na joto la hatari. Kifuniko ni bei ndogo. Anza nacho, na usikifungue injini ikiwa moto.

Halafu tazama rejeta, na uitazame upande ulio sahihi. Makatapila mengi yana feni inayosukuma hewa kwenda mbele, si kuvuta kama ya gari, ili opereta na injini wasipuliziwe vumbi na majani. Maana yake ni kwamba uchafu unakaa upande wa ndani, kwenye uso unaotazamana na feni. Nimeona watu wakisifia rejeta safi kwa kuitazama kwa mbele, wakati kwa nyuma kumejaa mbegu za nyasi na majani ya miombo yaliyochanganyika na oili mpaka yamekuwa tofali. Unaosha kwa maji kutoka mbele kwenda ndani, kinyume cha njia ya hewa. Hujui feni yako inapuliza wapi? Mashine ikiwa inaunguruma polepole, sogeza jani kavu mbele ya wavu wa rejeta, ukiwa mbali na feni yenyewe. Na kama feni iliwahi kufunguliwa, angalia haikurudishwa kinyumenyume. Itapuliza upande uleule, ila kwa nguvu pungufu sana, na hakuna atakayeishuku.

Mkanda wa feni ubonyeze. Mkanda unaong'aa kwa ndani unateleza hata kama haulii.

Maji nayo. Ukifanya kazi upande wa Uvinza, usichote maji ya chumvi ya pale hata kwa dharura. Ziwa Tanganyika linaonekana safi kama kioo, lakini maji yake yana madini na magadi ya kutosha kuacha koga nyeupe kwenye njia za injini mwaka hadi mwaka. Maji ya mvua ya bati ndiyo bora tuliyonayo, yakichanganywa na dawa ya rejeta. Dawa hiyo si ya baridi tu. Slivu za injini hizi zinaoshwa na maji moja kwa moja kwa nje, na zinapotetemeka mapovu madogo yanazitoboa polepole mpaka maji yakaingia kwenye oili. Dawa inazuia hilo.

Sasa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto. Kuna imani kwamba ukiitoa injini inapoa vizuri. Kwenye injini zenye njia ya mzunguko mfupi, themostati ikitolewa sehemu kubwa ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini inachemsha zaidi. Na hata isipochemsha inafanya kazi baridi, oili inabaki nzito, na silinda zinakwisha mapema. Irudishe. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria jikoni, uchemshe, uione ikifunguka.

Ikiwa yote ni mazima na bado inachemsha ikipata mzigo, ikiwa baridi fungua rejeta, washa, angalia mapovu. Yakipanda mfululizo tangu mwanzo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hedi inashuka, hakuna njia ya mkato. Na ikishachemsha porini, usimwage maji baridi ndani. Ikiwa bado inazunguka, iache iunguruke bila mzigo mpaka ipoe yenyewe. Silinda hedi ya D342, injini ya D8H, si kitu cha kuagiza kwa simu ikafika kesho.

Hiyo D342 ina lita 20 na ushei kwa silinda 6, na matoleo yake ya baadaye yalitoa nguvu farasi 270 kwa mizunguko isiyofika 1300 kwa dakika. Ukisimama karibu yake ikibeba mzigo unaweza karibu kuhesabu mapigo. Polepole hiyo ndiyo siri ya maisha yake marefu, na ndiyo sababu sipendi kuona mtu akigusa skrubu ya gavana, kile kidhibiti cha mizunguko, yenye muhuri wa risasi wa kiwandani.

Inamisi au inagonga

Injini ikiwa inaunguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozo moja kwa wakati, nusu duru tu, kitambaa kikiwa kimezungushiwa. Silinda nzima ukiikata mlio wa injini unabadilika. Ukikata ambayo haileti tofauti, ndiyo inayomisi, yaani isiyochoma. Badilishana nozo yake na ya jirani. Kosa likihama na nozo, ni nozo. Likibaki, tazama tapeti, vali, kisha mgandamizo.

Mlio wa kugonga ulio mkali, mkavu, unaopotea ukikata silinda ile, mara nyingi ni nozo inayokojoa. Mlio wa kugonga ulio mzito, wa chini, unaokuja pamoja na geji ya oili kushuka, ni beringi za konrodi au za krenki, na hapo unazima mara moja. Fungua filta ya oili, kunjua karatasi juani. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni chuma, za rangi ya dhahabu ni za bushi, za kijivu laini ni za beringi. Karatasi hiyo inakwambia mengi kuliko fundi anayesikiliza kwa bisibisi sikioni.

Oili inapanda kwenye kijiti

Watu hufurahi. Haifai. Oili haizaliani, kwa hiyo kuna kitu kinaingia. Ikinuka dizeli na ni nyepesi, tafuta pampu ya kuvuta yenye siili (kizuizi cha kuvuja) iliyochoka au bomba la kurudisha linalovuja chini ya kifuniko cha vali. Ikiwa na rangi ya maziwa, ni maji. Njia ya hakika ni kuiacha mashine ilale, asubuhi ulegeze nati ya chini ya sampo, lile beseni la oili chini ya injini, taratibu kabla hujawasha. Maji ni mazito kuliko oili, yatatoka ya kwanza.

Mizunguko inapanda yenyewe

Hutokea kwa nadra, lakini ijue kabla haijakukuta. Turbo ikipasua siili injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe, na kufunga dizeli hakusaidii. Dawa ni kuinyima hewa: bamba la chuma au ubao mpana kwenye mdomo wa njia ya hewa. Si mkono, si shati. Weka ubao huo kwenye mashine siku unapofungua njia ya hewa au pampu. Na turbo zitadumu ukiiacha injini iunguruke polepole dakika 5 hivi kabla ya kuzima.

Haikati kona, au inavuta upande

Kwenye zile zenye klachi kavu za usukani, mashine iliyokaa masika nzima inaganda sahani kwa kutu. Kabla ya kufungua, vuta lever ya upande huo uifunge ikae imevutwa, endesha mahali pa wazi kwa gia ndogo, gusa breki ya upande huo kwa mkupuo. Mara nyingi zinaachia. Ikiwa kinyume chake klachi inateleza, oili imeingia kutoka kwenye siili ya jirani, na ukiosha tu bila kubadilisha siili, itadumu wiki mbili tu.

Cheni na vyuma vya chini

Huku chini ndiko kunakokula karibu nusu ya gharama ya katapila. Wengi hukaza cheni kwa kuogopa itoke, na cheni iliyokazwa sana inamaliza pini, bushi, sproketi (gurudumu la meno linaloivuta) na aidla (gurudumu la mbele) kwa pamoja. Iache ilegee kati ya roli ya juu na aidla, kwa mashine nyingi za ukubwa huu sentimita 4 hivi, ila kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Ipime ukiwa kwenye udongo wa kazi. Tope jeusi la mbuga likijaa kwenye sproketi linaikaza cheni lenyewe, na uliyoipima kwenye changarawe itakuwa imezidi.

Ukilegeza mfumo wa grisi unaokaza cheni, fungua nati duru moja tu na usikae mbele yake. Grisi ile inatoka na nguvu ya kuua.

Meno ya sproketi yakichongoka, usibadilishe sproketi peke yake juu ya cheni iliyorefuka. Kama bushi zimelika upande mmoja tu na hazijapasuka, pini na bushi hugeuzwa nusu duru na kupata maisha ya pili. Kazi hii inahitaji presi. Na mwambie opereta apunguze kurudi nyuma kwa kasi, ndiko bushi zinakolika zaidi.

Bledi ikishuka yenyewe huku lever imetulia, siili za silinda au vali. Ikipanda polepole na oili ya haidroliki ina mapovu, kuna mahali upande wa kufyonza panavuta hewa.

Ikikaa masika nzima

Shusha bledi chini juu ya magogo, jaza tangi, funga mdomo wa ekzosti kwa kopo, paka grisi fimbo za haidroliki. Siku ya kuiamsha, zungusha injini dizeli ikiwa imefungwa mpaka geji ya oili iinuke, ndipo uiruhusu iwake. Lile kopo litoe kwanza, maana usipolitoa litaruka lenyewe, na likirudi chini halichagui kichwa cha nani.